Samaki wa Shule Ndani ya Sauna ya Orvokki

Shule ya kijiji ilipofungwa, Orvokki Kemppi hakuwa tena na watoto wa kuwapikia, lakini alibaki na samaki wao. Hakuna aliyemwomba awachukue. Siku ya kugawana vitu, madawati yalipata wenyewe, piano ikapata mwenyewe, na tangi la samaki likabaki ukumbini likinguruma peke yake. Orvokki alivua aproni ya jikoni akasema, "Haya, twendeni nyumbani," na aliyekuwa karibu akageuka kutazama anasema na nani.

Tangini mlikuwa na samaki wadogo wenye mstari wa buluu, na kambare mmoja mzee, mweusi, mwenye mdomo wa kunyonya vioo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mkuu kwa sababu hakutoka pangoni mwake ila kwa jambo zito. Hadi leo watu wazima wakikutana na Orvokki dukani humuuliza kwanza hali ya Mwalimu Mkuu, ndipo wamuulize hali ya miguu yake.

Mwezi wa Januari theluji iliganda juu ya misonobari hadi ikainama, kisha ikaanza kuangukia nyaya. Umeme ulikatika Alhamisi. Ijumaa ikapita bila umeme. Mafundi walikuwa msituni wakikata mti mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyewalaumu.

Nyumba ya Orvokki ilipashwa joto kwa umeme. Jiko la kuni lilikuwapo, lakini bomba lake la moshi lilikuwa na ufa, na fundi alikuwa amekataza lisiwashwe. Kwa hiyo Orvokki alilivika tangi mablanketi, na kwa kuwa pampu ilikuwa kimya, akawa anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yameshuka hadi nyuzi kumi na tisa. Samaki wadogo walijikusanya kona moja, rangi imewapauka. Mwalimu Mkuu alikuwa nje ya pango, amelala ubavu.

Angeweza kwenda kugonga kwa jirani. Lakini Orvokki alizoea kujimudu, na kwake kuomba msaada kulikuwa kazi nzito kuliko kupasua kuni. Akavaa koti, akaenda uani kuwasha sauna, kibanda cha kuogea kwa joto na mvuke.

Ilikuwa sauna ya zamani, ya kuni, ambayo majirani waliicheka tangu walipojijengea za umeme. Mpango wake ulikuwa mzuri: moto mdogo tu, joto la kuwatosha samaki. Aliweka beseni kubwa la kufulia kwenye benchi la juu, mahali joto linapokaa, akahamisha maji na samaki kwa ndoo, safari baada ya safari. Alipomaliza alikuwa hoi.

Basi mazoea yakamponza. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi ya maisha yake mikono yake ililisha jiko la sauna hadi mawe yaliyorundikwa juu yake yakawa ya kuunguza. Bila kufikiri akatia magogo, akaongeza mengine, kisha akaketi kwenye chumba cha kuvulia nguo na usingizi ukamchukua.

Alipoamka na kufungua mlango wa ndani, joto lilimpiga usoni. Maji yalikuwa yamepita nyuzi thelathini na yalizidi kupanda. Samaki wote walikuwa juu, vinywa wazi. Akashika ukingo wa beseni, likamshinda. Lilikuwa limejaa, na bega lake lilikuwa bovu.

Siku isiyo na umeme, moshi wa sauna huonekana mbali. Alpo, dereva mstaafu wa gari la kuondoa theluji, alikuwa tayari njiani, taulo shingoni. Nyuma yake alikuja Raakel, muuguzi wa majumbani, ambaye utotoni alikula chakula cha Orvokki miaka yote ya shule.

"We Orvokki!" Alpo alipaza sauti toka uani. "Unaoga peke yako kama askofu, na sisi wenzio tunanuka?"

"Si uliicheka sauna yangu?"

"Niliicheka ikiwa baridi. Leo naiheshimu. Hebu sogea." Akaingia, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kata ya mbao ya kumwagia mawe maji.

"Usimwage, Alpo! Samaki wamo humu!"

"Samaki? Ndiyo chakula cha mchana?"

"Wanakufa, Alpo."

Utani ukaishia hapo.

"Shangazi, kaa pembeni," Raakel akasema. "Alpo, shika huku. Polepole, bwana, si jembe la theluji hilo!"

Wakalishusha beseni sakafuni karibu na mlango, wakaacha mlango wazi, wakatoa makaa kwenye jiko la sauna.

"Nitie theluji humu?" Alpo akauliza.

"Thubutu! Utawaua kwa mshtuko. Yapoe yenyewe."

Raakel akatwaa ile kata, akaanza kuchota maji ya beseni na kuyarudisha kutoka juu, kidogo kidogo. Majirani wengine wakafika na taulo zao, wakaelezwa, na hakuna aliyerudi nyumbani. Walikaa kwenye mabenchi na makoti yao, wakipokezana kata na chupa ya kahawa ya moto.

"Sijawahi kukaa sauna na kofia," Alpo alinung'unika. "Msimwambie mtu."

"Nimewaharibia Jumamosi yenu," Orvokki akasema.

"Shangazi we! Umetulisha supu ya njegere kila Alhamisi, mpaka tuliokuwa tunaichukia tukanenepa. Leo tulia," Raakel akamjibu.

Samaki wadogo kadhaa walikufa. Waliobaki walianza kushuka chini, rangi ikirudi. Mwishowe Mwalimu Mkuu alijipindua, akanyonya ukuta wa beseni, akatulia hapo. Hakuna aliyeshangilia. Raakel alifuta macho, akasema ni moshi.

"Asanteni," Orvokki akasema. Kisha akaendelea, ingawa lililofuata lilikuwa gumu zaidi. "Umeme haujarudi bado. Na mimi peke yangu siwezi. Nani atakuja kesho?"

Mikono ikainuka yote, kama zamani bwaloni mwa shule, Orvokki alipouliza nani anataka kuongezewa. Hata Alpo, ambaye hakusoma shule ile, aliinua wake, kata ikimdondokea maji kwenye kofia.