Siku Wakwe Walipomngoja Aamke

Mume wangu alianza kulala mchana kabla hatujajua kwamba ni ugonjwa. Alikuwa akikaa nje ya jikoni akichagua maharagwe, usingizi unamchukua ungo ukiwa bado mapajani. Usiku ndipo alipokuwa macho kabisa, akijikuna miguu, akiniuliza kama ng'ombe amefungwa. Huku Kianjai mtu asiyelala usiku hudhaniwa anatafuna miraa. Dada yake alimtania kwamba amekuwa askari wa usiku asiye na mshahara, naye akamjibu kwamba angalau yeye hajawahi kulala kazini.

Kilichoharibika kilikuwa ini. Watu walisema ni pombe. Alikunywa, sitasema uongo, lakini hospitalini walipata pia virusi alivyokaa navyo miaka mingi bila kujua. Muuguzi wa kliniki alinieleza polepole, maana shule niliachia darasa la nane. Alisema ini likishindwa kusafisha damu, sumu inafika kichwani, na mtu anageuza usiku kuwa mchana. Siku nyingine anaweza hata kuchanganyikiwa. Akanikataza kabisa kumnunulia dawa ya usingizi, hata vile vidonge vya mafua ambavyo watu hupenda kumeza ili walale, kwa sababu mwili wake usingeweza kuviondoa. Tulipewa dawa ya maji, tamu kupita kiasi, ya kumpeleka choo ili sumu itoke. Nikaambiwa nimtoe juani asubuhi, nimpe kitu kidogo ale kabla ya kulala, na nisimwache alale mchana kutwa.

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda, na ndilo alilolihitaji zaidi. Watu wa Laare walikuwa wametuma ujumbe kwamba wanakuja kumposa binti yetu wa kwanza. Wangeleta kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, na baba wa msichana akikipokea mazungumzo yanafunguliwa. Baba akiwa hawezi, kaka wa huyo baba hupokea.

"Nataka kupokea mimi," aliniambia. "Na nikiwa na akili zangu."

Hakuomba kupona. Nadhani alijua. Aliomba mchana mmoja tu.

Mimi ni mtu wa Kianjokoma, kule Embu, na kwetu kama kwao mgonjwa hutembelewa. Akina mama wa kanisa walikuwa wakija pamoja, wakimkuta amelala wanaomba kwa sauti ya chini na kuondoka. Niliwaomba waache huo upole. Nikawapangia waje mmoja mmoja baada ya chakula cha mchana, na wasikubali alale. Walifanya vizuri. Mmoja alimletea njahi, yale maharagwe meusi, za kuchagua, mwingine alibishana naye kuhusu kupogoa kahawa mpaka akakasirika kweli. Kidogo kidogo usiku ukaanza kurudi mahali pake. Sio kila siku. Kuna siku misuli ya miguu ilimkaza nikamkanda hadi jogoo wakawika, na asubuhi hiyo sikuwa na nguvu ya kumkataza mtu usingizi.

Siku ya wageni alioga, akavaa koti lililokuwa limempwaya mabegani na kumbana tumboni. Aliwasalimia wote kwa mkono. Sala ikafanywa, chai ikanywewa, na mzee aliyewaongoza wageni akasimama na kitita. Kabla hajamaliza salamu zake, kichwa cha mume wangu kilikuwa kimeinama kifuani.

Kaka yake alinyoosha mikono. "Leteni hapa tuendelee, chakula kinapoa."

Yule mzee hakumpa. Alinitazama mimi niliyesimama mlangoni. Sikuzoea kusema mbele ya wazee, lakini nilisema ukweli, kwamba nikimtikisa aamke hatajua hao ni nani, na anaweza kuwauliza wametoka wapi. Akiamka mwenyewe, mara nyingi huamka vizuri. Sikuwaahidi.

Mzee akaketi, kitita magotini. "Mwenye boma yuko. Amelala, hajasafiri. Tutamngoja."

Kaka yake alirudisha mikono, na ninamshukuru kwamba hakubishana. Niliketi kando ya mume wangu. Nilimgusa mkono, akauvuta na kunung'unika, nikajua ni usingizi tu, hajazimia. Wanawake walifunika sufuria tena. Wazee wakaanza kuzungumza chini chini, habari ya mvua, na barabara ya kwao iliyochimbika, na mmoja wao, mnene wa kofia, akalala naye na kukoroma. Binti yangu alisimama dirishani na hakugeuka. Nilijua anaogopa kile nilichokuwa nikiogopa.

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili alipofungua macho. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemsaidia.

"Tulikuwa tumefika kwenye salamu," akasema.

Mzee akasimama, akazianza upya kama vile hajawahi kuzisema. Zilipokwisha, mume wangu alimwita binti yetu. Amepewa jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo baba yake humwita mama. "Mama, nipokee hiki?"

"Pokea, baba."

Alikipokea kwa mikono miwili.

Hakulala usiku ule, na sikumsumbua. Alitutoka baadaye, kabla ya kahawa ya shambani kuiva. Lakini usiku ule alitaka kujua neno kwa neno yaliyosemwa akiwa amelala. Nilimwambia ni mvua na barabara tu, na kwamba mzee wa kofia alikoroma mbele ya wakwe. Akaniomba nimwonyeshe alivyokoroma. Nikamwonyesha.