Stovu Nyeusi Kutoka Sotik

Mwaka ule tulipokuwa tukijenga nyumba yetu ya mabati karibu na Sironga, sikutulia hata kidogo. Niko darasani nafundisha hesabu, akili iko kwenye jiko. Niko kanisani siku ya Sabato, Mungu anisamehe, naukodolea macho mlango nikijiuliza kama stovu ingepita pale. Mfukoni mwa gauni nilibeba kamba ya katani yenye fundo mahali upana wa stovu ulipoishia, na kila mlango niliokutana nao niliupima. Mume wangu, karani wa kiwanda cha chai, alisema nimerogwa. Nikamwambia aliyerogwa ni mwanamume anayelala usingizi mnono na mke wake anakohoa kando yake.

Maana tangu niolewe nilikuwa napika jikoni kwa mama mkwe. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mke wa mwana hupikia kwenye mafiga ya mama mkwe wake mpaka apate nyumba yake na moto wake. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alinipenda, na alinisema kila siku, na sikuona tofauti kubwa kati ya hayo mawili. Lakini kuni za mkaratusi zilikuwa mbichi, na mvua ya Nyamira haijui kupumzika. Nilikuwa nafika shuleni macho mekundu, mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna vita. Nilitaka moto wangu. Nikiunguza, niwe nimeunguza changu.

Stovu niliziona Kisii mjini, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa akinunua vyombo vya wazungu waliouza mashamba yao upande wa Sotik na kurudi kwao. Nyuma ya duka lake, chini ya turubai, kulikuwa na mbili. Moja ilikuwa nyeupe, yenye kung'aa kama sahani mpya ya bati, ya kutumia gesi. Nyingine ilikuwa nyeusi, chuma kitupu, imejikalia pale kama ng'ombe aliyeshiba. Hiyo ilikula kuni. Ilikuwa na oveni mbili, vifuniko vya mviringo juu, tangi la maji ubavuni na bomba refu la kutolea moshi nje.

Mume wangu alipenda nyeupe. Nilimuuliza, gesi ikiisha na barabara imekatika, nani atauleta mtungi kutoka Kisii, yeye na tai yake? Wiki iliyofuata mimi mwenyewe nikaitaka nyeupe, kwa sababu ya ule mng'ao. Kisha nikarudi kwa nyeusi. Nilienda mjini kila nilipopata kisingizio, nikafungua na kufunga milango ya zile oveni mpaka mwenye duka akawa ananiletea kiti bila kuombwa.

Mwishowe nyeusi ikashinda, na iliyonisaidia ni Sabato. Sisi Wasabato hatupiki Jumamosi. Chakula hupikwa Ijumaa, na kesho yake tunakula viazi vilivyopoa huku tukimshukuru Mungu kwa midomo tu. Nilimweleza mama mkwe kwamba chuma kile kizito hukaa na joto, kwamba ukiacha chungu ndani ya oveni Ijumaa jioni, utakikuta kesho kingali na uvuguvugu na hakuna aliyewasha moto. Alitafakari, akasema, "Hiyo ni stovu ya mbinguni." Nikajua nimefika.

Sikuwa nimefika. Baba mkwe alikataa.

Shamba lilikuwa lake na boma lilikuwa lake. Kitu kikubwa namna ile hakingepita langoni bila neno lake, na neno lake lilikuwa hapana. Hakutoa sababu. Nami singeweza kumuuliza, kwa ajili ya chinsoni, ile heshima ya Wagusii inayotenga baba na mke wa mwanawe. Hatukupeana mikono. Hatukutazamana usoni. Akiingia mahali nilipo, mmoja wetu hutoka. Na nyumba ya mke wa mwanawe haiingii kamwe, hata kukiwa na msiba. Miaka yote ile nilimfahamu mzee yule kwa kikohozi chake, kofia yake na mgongo wake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika boma zima yeye peke yake ndiye aliyeijua stovu. Tangu ujana wake mpaka karibu na Uhuru alikuwa mpishi wa mzungu huko Sotik. Hilo halikuzungumzwa. Kwetu mwanamume hasongi ugali, na aliporudi nyumbani hakuwahi kugusa hata kifuniko cha sufuria. Nilimsumbua mama mkwe. Akaniambia, "Nimemuuliza. Amegeukia ukutani." Nilimsumbua mume wangu. Akasema, "Mwalimu, acha." Nisingeweza kuacha. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda.

Siku moja ya soko niko tena kwa mwenye duka, nyuma kule, nikasikia kikohozi ninachokijua. Sikufikiri. Niliruka nyuma ya magunia ya mahindi nikachutama, mwalimu mzima, na mkoba wangu kifuani. Ningefanya nini? Mke wa mwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso uani kwa watu.

Aliingia, akavua kofia. Hakuitazama ile nyeupe. Alikwenda moja kwa moja kwa nyeusi, akafungua oveni ya juu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akapapasa ndani polepole. Akainua kifuniko kimoja, akapuliza vumbi, akakirudisha mahali pake bila kukitazama. Nilikuwa sijawahi kuona mikono yake ikifanya kazi. Ilikuwa mikono ya mtu mwingine, kijana na mwepesi.

"Mzee, unaifahamu?" mwenye duka akauliza.

"Naijua. Nilipika na ndugu ya hii mpaka mzungu akaenda."

"Basi mwambie mwanao aichukue. Utakula mikate!"

Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nilikuwa napika, halafu nachukua sahani yangu naenda kukaa nje, kwa ngazi. Mvua ikinyesha, nakula na mvua. Miaka yote hiyo sikukaa siku moja karibu na moto niliwasha mwenyewe, nikakula." Akafunga mlango wa oveni kwa goti, kama mtu aliyelizoeza goti hilo kazi hiyo. "Sasa mtoto yangu anataka kuiweka kwa nyumba ya bibi yake. Nyumba ya mokamwana mimi siingii mpaka nikufe. Itakuwa kwa boma yangu mwenyewe, na mimi tena ni mtu wa nje."

Mokamwana ndiye mimi, mke wa mwana. Mzee alivaa kofia akatoka. Nilibaki nyuma ya magunia mpaka miguu ikafa ganzi, na mwenye duka, ambaye alijua wazi niko pale, akajitia kupanga misumari.

Usiku sikulala. Nilimweleza mume wangu yote. Akasema, kwa wepesi wa karani, "Basi tununue nyeupe." Pesa zilitosha stovu moja tu, na jibu lake lilikuwa sahihi, likanikera kwa usahihi wake. Ningepata moto wangu. Mzee angebaki na kikohozi chake. Niligeuka huku, nikageuka kule. Alfajiri nikasema, "Nunua nyeusi. Iweke kwa mama."

"Na wewe?"

"Mimi nitaendelea kupima milango."

Nilisema kwa mzaha, lakini nililia nikienda kuteka maji. Nilikuwa nimeitaka stovu ile kuliko nilivyoitaka nyumba.

Safari hii mzee hakukataa. Wala hakusema ndiyo. Mlango wa jiko la mama mkwe ulikuwa mwembamba, kama kamba yangu ilivyokuwa imeniambia kitambo, lakini nyumba ya udongo ina raha yake: tulibomoa ukuta, tukaiingiza, tukakandika tena. Kisha ikakaa imepoa. Mama mkwe na mimi tuliiwasha, ikatutapikia moshi kuliko mafiga yenyewe. Tukairudia, ikarudia. Nilizunguka boma nikiuma kucha. Mzee alipita nje na fimbo yake, hakugeuza hata shingo.

Jumapili moja asubuhi, katika manyunyu, nilikuwa naenda jikoni na mzigo wa kuni. Nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha akaziba njia.

"Ngoja hapo," akasema.

"Kuna nini, mama?"

"Baba yenu yuko ndani." Kisha akashusha sauti. "Na usimwambie mtu."

Nilisikia vifuniko vya chuma vikigusana taratibu. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye bomba, mwembamba na mnyoofu. Nilisimama. Nikatembea mpaka kwenye migomba, nikarudi. Kuni zililowa. Harufu ya mkate ikatoka, na ndani nikasikia kiti kikivutwa karibu na moto na mtu akiketi.

Alikaa muda mrefu. Hatimaye mkono ukatokea nyuma ya mama mkwe ukiwa na kipande cha mkate. Mama mkwe akakipokea, akanipa.

Sikuweza kuingia, kwa kuwa yeye alikuwa ndani. Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni nikala, na mvua ikininyeshea. Nilikuwa bado na hasira, na bado nilitaka moto wangu, na mkate ulikuwa mtamu.