Wiki ya Kimbunga, Mkonze

Harufu ya maharage yanayoungua hunirudisha Mkonze, kwenye jiko la nje la mama mkubwa, nilipokuwa bado mtoto wa darasa la pili. Hata leo nikiisikia kutoka kwa jirani mimi hufunga dirisha, na nitawaeleza kwa nini.

Mama yangu alikuwa Maskati, Omani, akifanya kazi za ndani, nami aliniacha kwa dada yake. Wote wawili walizaliwa Busi, kule Kondoa. Aliyeomba safari ile kwanza alikuwa mama mkubwa. Wakala wa ajira akasema umri umempita, akamchukua mdogo wake. Hilo sikulijua wakati ule. Nilichojua ni kwamba Uarabuni kuna vimbunga, maana mama mkubwa alinikumbusha kila nilipokosea. Nikimwaga maji, kimbunga. Nikichelewa dukani, kimbunga.

"Endelea hivyohivyo," alikuwa akisema, bila kupandisha sauti. "Upepo utamkuta mama yako huko."

Siku moja nilisinzia jikoni, maharage yakaungua. Jioni ileile redio ikatangaza kwamba kimbunga kikubwa kinaelekea pwani ya Omani. Mama mkubwa akaongeza sauti ya redio, akanitazama. Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga.

Kuanzia hapo niliamka kabla ya adhana. Nilifagia uwanja mpaka vumbi jekundu likabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Nilibeba maji, nikasugua sufuria kwa majivu hadi vidole vikachubuka. Simu ya mama mkubwa ilipolia nilikimbilia mlangoni. Yeye akatoka nayo nje, akarudi, akasema bado hakuna habari. Majirani walikuja kutupa pole, nami niliyemuua mama yangu nikawapikia chai, wakanisifu kwa adabu. Nilitamani kuwaambia. Niliogopa wangeacha kunywa.

Wiki ilipokwisha alinikabidhi simu. Ilikuwa sauti ya mama, akicheka, akiuliza kama nimerefuka. Nililia, na mama mkubwa akachukua simu akamweleza kuwa siku hizi nadeka sana.

Nilikuwa mtu mzima, mama amesharudi nyumbani, tulipoanza kuzungumzia kimbunga kile. Akasema kilikata kona baharini, wakapata mvua tu. Asubuhi yake alipiga simu Mkonze, akaomba kuongea nami, akaambiwa nimelala.

Nilikwenda kwa mama mkubwa. Nilimkuta akichambua mchele barazani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikamuuliza kwa nini alinificha. Hakushtuka. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta alikoweka ufunguo.

"Wiki ile ulifanya kazi bila kutumwa," alisema. "Nikaona nisikuharibu."

Kisha akaniuliza kama nitakula.

Utotoni niliamini kwamba ananichukia, na imani hiyo ilinisaidia, kwa sababu chuki mtu huweza kuisubiri ipoe. Siku ile barazani ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kunichukia. Nilikuwa namfaa zaidi nikiogopa, basi.

Mama sijamwambia. Kila Idi humnunulia dada yake doti ya kitenge, shukrani ya kunilea, na hunituma mimi nikaipeleke. Naipeleka.