Tumbo Alilolikata Fundi Mwingine

Mke wangu alipokwenda India kukatwa tumbo, mtaa mzima uliambiwa amekwenda kutibiwa goti. Uongo huo niliutunga mie mwenyewe, nimekaa kwenye cherehani, na niliuona mzuri kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Goti lilikuwa linamuuma. Lilimuuma kwa sababu lilikuwa limebeba mtu mkubwa.

Nisieleweke vibaya. Unene wake mie niliupenda, na sioni haya kusema. Nilipompima mara ya kwanza, enzi zile ndiyo kwanza nimetoka Masasi na nimepewa kona kwenye baraza la fundi mmoja Kariakoo, alikuwa msichana wa Kizaramo mwembamba, mdomo mrefu, kaleta yadi mbili za kitambaa anataka gauni la yadi tatu. Nikamwambia hakitoshi. Akaniambia, "Fundi mzuri anatosheleza." Nikatosheleza. Pindo la chini lilikuwa kitambaa changu, hakulijua hilo mpaka tumezaa mtoto wa pili.

Miaka ikaenda, watoto wanne, na biashara yake ya chapati na maandazi, ambayo alikuwaga anayaonja kila asubuhi asije akamuuzia mtu kitu kibaya. Ikafika siku tepu yangu haimzunguki. Nikaunga tepu mbili kwa uzi, sikumwambia. Siku moja akaiona inaning'inia msumarini.

"Hii ya tembo, unamshonea nani?"

"Kuna mteja mmoja anakaa humu ndani."

Tulicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini sukari haina utani. Ikaja sukari, ikaja presha, akawa akitoka chumbani kwenda uani anapumzika njiani kama mtu anayekwenda Morogoro kwa miguu. Binti yetu wa kwanza anafanya kazi Uarabuni, ndiye aliyeyapanga yote. Akachukua likizo, akaja kumchukua mama yake, wakaenda. Sie tunakaa Kiwalani, ndege zote zinapita juu ya bati. Sikujua ipi ni yao, kwa hiyo jioni ile nilisimama uani nikazipungia mkono zote.

Sasa, kwa nini nilidanganya. Huku kwetu mtu akikonda anaulizwa ana ugonjwa gani. Akisema kajikondesha mwenyewe kwa kisu, anaulizwa ana akili gani. Nikaona goti ni salama.

Alirudi baada ya wiki tatu na bahasha kubwa ya makaratasi, akaifukia kwenye kabati la vyombo, chini ya vikombe vya harusi, wageni wasiione. Mie nimesoma mpaka la nne tu. Kiingereza changu ni cha cherehani: kola, zipu, lastiki, slivu. Nikachungulia karatasi moja na nikaliona hilo la mwisho limeandikwa mara nyingi. Nikampigia binti yangu. Slivu inaingiaje kwenye tumbo la mama yako?

"Baba, tumbo wamelikata kwa urefu. Lililobaki ni jembamba, kama mkono wa shati."

Nikaelewa hapohapo, nadhani kuliko wengi wenye vyeti. "Na kipande kilichobaki kiko wapi?"

"Wamekitupa, baba."

"Hawakumuuliza? Mabaki ya kitambaa ni ya mteja."

"Baba!"

Halafu akanena jambo lenyewe. Kwamba mama sasa anatakiwa apate daktari hukohuko Dar, wa kumwangalia mwaka mzima na zaidi, wa kumpima damu, kumpa vitamini, kujua akila nini na akitapika kwa nini. Wa India wamekata, lakini wako mbali. "Baba, mtafutie daktari wa kuaminika." Nikasema sawa. Hata mama yake alisema sawa. Tukakaa.

Wakaanza kuja wageni kumjulia hali. Unajua watu wetu, mgonjwa hajuliwi hali mikono mitupu. Supu ya kuku, tambi za nazi, wali wa jirani wa kushoto, uji wa jirani wa kulia. Yeye tumbo lake linachukua vijiko vitatu. Angekuwa kakatwa tumbo angesema jamani siwezi. Lakini huyu ni mgonjwa wa goti, na mgonjwa wa goti anakula. Akawa anakula mbele yao anatabasamu, wakiondoka anakwenda uani kutapika. Mie nipo kwenye cherehani nasikia, nazidisha kukanyaga pedali ili nisisikie.

Siku moja alikuwa anavuka uani, kandambili ikamvuka mguuni, naye akaendelea kutembea. Hakujua. Nikamwita, "Mama watoto, kiatu." Akaangalia mguu wake kama wa mtu mwingine. Ndiyo akaniambia kwamba miguu ina ganzi, kama siku kumi hivi. Usiku ule nilishika nyayo zake mpaka akalala. Niliogopa. Niliona kabisa kwamba mwanamke huyu anaweza kunifia kwa sababu ya adabu.

Asubuhi tukaenda zahanati ya hapa mtaani. Daktari kijana, mstaarabu sana, shikamoo baba, shikamoo mama. Lakini dirishani anayeandika majina ni mtoto wa jirani yetu. Daktari akauliza, "Tatizo nini mama?" Mke wangu akatupa jicho dirishani, akasema, "Goti. Na miguu inakufa ganzi."

Mie nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Yule kijana hana kosa, alitibu alichoambiwa. Akampiga sindano za maumivu, akampa na vidonge vya maumivu vikali vya kumeza wiki mbili. Goti likapoa kweli. Tumbo likawaka. Alisema ni kama amemeza pilipili kichaa na kaa la moto, na hata vile vijiko vitatu vikawa havikai.

Binti yetu aliposikia alilia kwenye simu, akatutafutia mahali upande wa Msasani, kliniki yenye vioo, baridi ndani mpaka nikatamani koti. Huko hakuna wa kutujua, mke wangu akasema ukweli wote. Daktari akamsikiliza huku anaangalia kompyuta. Akaipekua karatasi moja, akacheka kwa pua.

"Nani kakukata hivi? Hawa wa nje wanataka hela tu. Umekwenda kujiharibu, mama."

"Sasa utanisaidiaje, daktari?"

"Mimi siwezi kushika kazi ya mtu mwingine. Rudi kwao wamalizie."

Mke wangu alitoka pale kainamisha kichwa kama aliyefumaniwa.

Na mie nilimtambua yule mtu. Nilimtambua kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Zamani aliletwa kwangu bibi harusi na gauni lililokatwa na fundi mwingine, mabega hayakukaa, siku mbili kabla ya harusi. Nikalishika kwa vidole viwili, nikasema, "Nani kakukatia gunia hili?" Watu barazani wakacheka. Kisha nikamrudishia, mie sishiki kazi ya mtu. Lile gauni lingetengenezeka, nililiona kabisa kwamba linatengenezeka. Binti wa watu akaolewa na gauni la kuazima. Mafundi tunafanyaga hivyo, tunamtukana aliyekata ili lawama isitufikie, halafu tunakimbia. Anayevaa ndiye anayebaki uchi.

Basi, daktari nikampata kupitia tepu. Kulikuwa na mteja wangu, nesi mstaafu, kaja kupimwa sare ya kwaya. Mtu ukimpima, kanyoosha mikono, mko karibu vile, maneno yanatokaga yenyewe. Nikajikuta namwambia yote, goti la uongo, ganzi, kliniki ya vioo. Akashusha mikono, akasema, "Mzee, nenda Kibamba. Kuna daktari mwanamama nilifanya naye kazi. Asichokijua atakwambia hakijui. Wewe huyo ndiye unayemtaka."

Kutoka Kiwalani mpaka Kibamba ni safari, na mgonjwa ukimbeba safari hiyo unataka uwe na hakika. Sikuwa nayo. Niliamua tu kwamba nitamsikiliza neno lake la kwanza juu ya kazi ya mwenzake.

Chumba kidogo, feni, dirisha wazi, kuku wanapita nje. Mwanamama wa makamo akasimama kutupokea. "Shikamoo baba. Shikamoo mama, kaa hapa karibu yangu. Haya, niambie."

Mke wangu akamwangalia. Akaniangalia mie. Akaangalia mlango. Nadhani kile kicheko cha Msasani kilikuwa bado kiko masikioni.

"Goti," akasema.

Nilitaka kulia. Nikasema, "Daktari, goti ni la kwangu."

"Lako linauma, baba?"

"Haliumi. Nililitunga mie."

Kisha mke wangu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika ukuta, ila safari hii kikageuka katikati kikawa kilio, na humo humo katika kulia akayamwaga yote. Daktari hakumkatisha. Alipomaliza akaomba bahasha. Akaisoma ukurasa kwa ukurasa, akirudi nyuma, kidole kwenye mstari. Nikakaa nasubiri.

"Wamekata vizuri hawa," akasema. "Mshono hauna tatizo ninaloliona humu. Ila nikwambie ukweli mama, mimi kazi hii ya kukata siifanyi, na niliowafuatilia kabla yako ni wawili tu. Kuna ninayoyajua na kuna nisiyoyajua. Nisiyoyajua nitamwuliza aliyekukata, namba yake hii hapa. Utakubali nikutunze hivyo?"

Mke wangu akaniangalia tena. Nikasema kwa macho, huyu.

Akauliza uzito wake umeshukaje wiki kwa wiki tangu arudi. Zahanati hawakumpima, Msasani hawakumpima. Basi nikatoa daftari langu la vipimo mfuko wa ndani. Kila Ijumaa nilikuwa nampunguzia magauni yake, asiburuze nguo kama mtu aliyeazima, na fundi hapunguzi bila kupima. Kifua, kiuno, nyonga, mkono wa juu, yote nimeandika. Niliona haya kidogo, mwandiko wangu kama kuku kaparua.

Daktari alivaa miwani vizuri. "Hizi umepima mwenyewe, baba?"

"Kwa tepu moja. Sasa hivi moja inatosha."

Akazinakili zote kwenye faili. Zote. Kisha akaweka kidole. "Wiki mbili hizi nyonga imeshuka kwa kasi isiyo ya kawaida. Kulikuwa na nini?"

Zilikuwa wiki za wageni.

Akamgusa nyayo kwa pamba, kisha kwa ncha ya pini, mke wangu kafumba macho, hapa unasikia, hapa je. Akasema kutapika kule kumemmalizia vitamini mwilini, na mishipa ya fahamu ndiyo inayolalamika, tungechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine. Akaanza sindano za vitamini siku hiyohiyo, akamchukua damu, akamwekea dawa ya kutuliza tumbo, na vile vidonge vya maumivu akavitupa kwenye ndoo mbele yetu. "Mama, hivi kwa tumbo lako ni sumu. Mtu yeyote akitaka kukupa dawa, hata mimi nikiwa nimesahau, unasema kwanza: nimekatwa tumbo. Sema nisikie."

"Nimekatwa tumbo," akasema mke wangu kwa sauti ya mtoto wa shule.

"Kwa nguvu, wa nje wasikie."

Akasema kwa nguvu. Kuku wakakimbia.

Tulirudi nyumbani, jirani wa kushoto kesho yake akaja na bakuli. Mke wangu akavuta pumzi. "Mwenzangu, nikwambie. Mie sikutibiwa goti. Nilikatwa tumbo nipungue."

Jirani akaweka bakuli chini. "Tunajua."

"Mnajua?"

"Goti gani hilo linalokula matako? Tulikuwa tunakusubiri useme mwenyewe. Hii supu nimechuja, maji matupu, haina hata mnofu."

Mtaa mzima, kumbe, ulikuwa unatustiri.

Kibamba tukawa tunakwenda kila wiki, kisha kila wiki mbili. Nilikuwa nakaa pale kwenye benchi nawasikia wanacheka ndani. Mara daktari anatoka na simu, kampata mwenzie wa India, anauliza na kuandika kama mwanafunzi, wala haoni aibu tukimwona. Ganzi ikapanda ikashuka, ikabaki vidole, ikabaki kidole gumba kimoja, ikaondoka. Sukari ikashuka, vidonge vya presha vikapunguzwa. Daftari langu nalo likaombwa kila tukienda, nikawa nimelifunika gazeti lisichafuke.

Mwezi uliopita daktari alisoma majibu ya damu, akavua miwani, akasema, "Mama, uko vizuri. Sasa uje baada ya miezi mitatu."

Mke wangu hakufurahi. Aliganda kwenye kiti. "Miezi mitatu? Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Umepata nafuu."

"Nafuu ndiyo unifukuze?"

Daktari akacheka, akamshika mkono, akamwambia simu ipo, akisikia lolote apige. Haikusaidia. Njia nzima kutoka pale mpaka barabarani amenuna, ananung'unika, watu wengine bwana, ukishazoeana nao wanakupa miezi mitatu. Na ananung'unika hivyo huku anatembea mbele yangu, anapandisha kile kilima cha Kibamba bila kusimama, mpaka nikawa namwita, "Mama watoto, nisubiri basi," na yeye, kwa hasira zake, hataki kunisubiri.