Walipomwita Asukulu

Jumamosi ile nilikuwa na hasira kwa sababu ya sketi. Fundi alikuwa amemshonea binti yangu Faida sketi ya shule fupi kupita kiasi, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Tuliishi Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na kwetu mwaka wa shule huanza Septemba. Faida alikuwa na miaka sita, anaingia darasa la kwanza. Tangu asubuhi alizunguka uani na begi jipya mgongoni, halina kitu ndani, na mdogo wake Elisha, wa miaka minne, anamfuata nyuma akilia apewe zamu. Mume wangu Asukulu alikaa kwenye kigoda akiyafunika madaftari kwa magazeti, kila kona anainyoosha kwa ukucha. Nikamwambia kwa mwendo huo mtoto atamaliza shule hajapata daftari hata moja. Alicheka tu, akaendelea. Yeye hakuwa mtu wa haraka. Mimi nilikuwa nauza vitenge na nilikuwa na haraka ya watu wawili.

Milio ya bunduki ilianza mchana, juu milimani. Ya mbali tulikwishaizoea. Ile haikuwa ya mbali.

Asukulu akambeba Elisha, mimi nikamshika Faida mkono, tukateremka ziwani pamoja na mtaa mzima. Faida alikuwa bado ana begi lake mgongoni. Hakuna aliyekumbuka kumvua.

Ufukweni boti ya mizigo ilikuwa inajaza watu kwenda Kigoma.

Hapo ndipo nilipokumbuka bahasha. Vyeti vya watoto vya kuzaliwa vilikuwa humo, chini ya godoro.

"Bila vyeti," nikamwambia Asukulu, "huko ng'ambo hakuna shule itakayowapokea."

Akatazama mlimani. "Dakika kumi," akasema.

Akanipa Elisha, akakimbia. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akikimbia.

Boti haikumngoja.

Siku ya nne, tukiwa Kigoma, alivuka jirani yetu mmoja, akanivuta pembeni. Alimkuta Asukulu mlangoni pa uani, ameanguka kifudifudi. Majirani walimzika palepale uani. Bahasha hakuiona, na mimi sikuwa na kifua cha kuuliza mara ya pili. Watoto walikuwa wanacheza hatua chache kutoka pale. Nikawaambia papa, ndivyo walivyomwita baba yao, anakuja nyuma. Nilidhani nitawaambia kweli kesho yake, halafu kesho ile ikawa miezi.

Dar es Salaam niliijua kama mteja. Miaka mingi nilikuwa nakuja Kariakoo kuchukua vitenge dukani kwa Mama Zuhura, mama wa Kiarabu mwenye ulimi mkali na roho nzuri. Aliponiona mlangoni nina watoto wawili na begi moja, hakuniuliza nimefuata nini. "Ingieni mle kwanza," alisema. Akatupa chumba nyumbani kwake Mchafukoge, akaniwekea cherehani barazani pa duka. Januari ikanikuta nashona nembo za shule kwenye masweta ya watoto wa watu. Wakati ule Kariakoo yote ni sare na viatu vyeusi, na wazazi wanabishana na watoto juu ya saizi.

"Na hawa wako je?" Mama Zuhura aliniuliza siku moja. "Au wewe kazi yako kuwashonea wenzio tu?"

Nikamwambia sina vyeti.

"Umeenda ukakataliwa?"

"Sijaenda."

"Basi nenda ukakataliwe kwanza, ndiyo uje uniambie."

Nikaenda. Mama Zuhura alikuwa amemfundisha Faida kusema shikamoo wiki nzima, lakini mbele ya mwalimu mtoto akasahau yote. Akanyoosha mkono kama kwetu na kusema, "Jambo, mwalimu." Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani, akacheka. "Marahaba," akamjibu, kama vile amesalimiwa sawasawa.

"Cheti cha kuzaliwa?" akaniuliza.

"Sina, mwalimu. Tulikimbia vita."

"Utaleta ukipata. Mtoto hawezi kukaa nyumbani kwa ajili ya karatasi."

Alisema vile akiwa anatafuta kalamu. Ningepaswa kumshukuru, na kwa dakika ile nilimchukia yule mama kwa wema wake.

"Jina kamili?"

"Faida Nyassa."

"Nyassa ndiye baba?"

Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Huyu ni Faida Nyassa, mdogo wake ni Elisha Wilondja, baba yao ni Asukulu, na wote ni wa tumbo moja.

"Hapa tunaandika la mtoto, la baba, la babu," alisema. Nikamtajia la babu, akaandika: Faida Asukulu Etabo. "Baba yupo?"

Faida alikuwa ananitazama usoni.

"Yuko safarini," nikasema.

Jumatatu ya kwanza, hata saa nne haijafika, simu ya Mama Zuhura ililia. Mtoto wangu ametoka darasani, amesimama getini, hataki kurudi. Niliacha sweta kwenye sindano nikakimbia.

Nilimkuta na sare mpya na lile begi la Baraka, ameshika nondo za geti kwa mikono miwili.

"Mwalimu amemwita papa," akaniambia. "Nimetazama mlangoni hayupo. Labda hajui njia ya huku."

Mle darasani walikuwamo akina Faida watatu, kwa hiyo mwalimu alikuwa anawaita kwa majina ya baba zao.

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi, nikamwambia.

Nilimwambia papa amekufa. Nilimwambia alirudi kuchukua vyeti, na mimi ndiye niliyemtuma.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu Kigoma?"

"Tangu Kigoma."

Akautoa mkono wake kwenye wangu, akarudi darasani peke yake. Wiki ile nzima alikula kwa Mama Zuhura na hakunisemesha. Nilipolalamika, Mama Zuhura aliniambia, "Mwache. Hapo ana haki." Alikuwa nayo, na nilimwacha mpaka aliporudi mwenyewe.

Watu hunipa pole, husema hukujua. Ni kweli, sikujua. Lakini nilimtuma, na karatasi ile haikuhitajika. Nimeyageuza hayo mawili miaka hii yote na bado uzito wake ni uleule. Tulichofanikiwa kuvusha cha Asukulu ni jina lake, tena hilo hatukulibeba kwa makusudi. Tuliombwa tu mezani pale.

Januari ya pili baada ya ile, ikawa zamu ya Elisha kuanza darasa la kwanza. Faida alimvalisha begi lake la Baraka, limefifia, zipu moja imekufa, akamfuata mpaka getini. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nikamwona anamnyoosha kola, polepole, kwa ukucha.

"Wakiita jina la papa," akamwambia, "usitazame mlangoni. Itika wewe."