Jembe Liko Morogoro

Siku ile ilianza na ugali. Niliusonga mimi, na katika foleni nzima ya malori hakukuwa na dereva wa kunifikia kwa kusonga. Tulikuwa mashariki mwa Kongo, saruji tumeshashusha, gari tupu, tunasubiri kizuizi kifunguliwe turudi nyumbani. Ilikuwa siku ya pili ya kusubiri. Askari wa kizuizini walisema njia ya mbele si salama, lakini tuliwaona wamekaa wanavuta sigara, tukasema basi, hiyo si vita.

Mwenzangu alikuwa Kasian. Gari letu lilikuwa na madereva wawili, mimi na yeye, wote watoto wa Uluguru, vijiji vyetu vinatazamana ng'ambo ya bonde. Mimi nimeishia darasa la saba, yeye la nne, na tajiri wetu alituamini kuliko wenye vyeti vyao.

Ukoo wangu na ukoo wake ni watani. Asiyejua utani wa kwetu nimweleze. Mtani anakutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Anabeba kuku wako na humdai. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayeshika jembe. Wafiwa wanalia, mtani anachimba kaburi huku anamsema marehemu mpaka watu wacheke. Kuzikwa bila mtani ni aibu. Mtani kumtupa maiti wake, hilo sijapata kulisikia kwa mtu mwingine.

Kasian alikuwa na utani wake mmoja. Akichoka anajilaza chali popote, kwenye turubai, kwenye vumbi, anafumba macho, anasema, "Mtani, nimekufa. Leta jembe." Mimi najibu, "Oza kwanza. Jembe liko Morogoro." Miaka sita tuliambiana hivyo, na kila mara tunacheka kama ni mara ya kwanza.

Siku ile alisema baada ya kula. Nikamjibu. Akaenda kuosha sufuria.

Milio ilianza upande wa kushoto, mlimani. Kwanza mmoja mmoja, kama mtu anapasua kuni. Halafu ikafuatana.

Askari wakakimbia. Kamba ya kizuizi ikabaki imelala chini. Lori la mbele yetu likaondoka.

Nikapanda, nikawasha. Kasian akazunguka nyuma kutoa mawe tuliyokingia matairi. Hiyo ilikuwa kazi yake siku zote: anatoa mawe, anakimbia, anadandia ngazi gari likiwa linatembea.

Nikasikia jiwe likitupwa. Nikasikia la pili.

Kisha sauti yake, kutoka mtaroni.

"Mtani, nimekufa. Leta jembe."

Nilicheka. Mungu ananiona. Nikapaza sauti, "Oza kwanza!" nikaachia klachi.

Ngazi haikutikisika.

Nilisimama mbali sana, mahali malori mengine yalipokuwa yamekusanyika. Kiti chake kilikuwa kitupu, na shati lake la kubadilisha limeninginia kwenye msumari.

Nyumbani nilisimulia vingine. Uani kwa mama yake, mbele ya ukoo mzima, nilisema Kasian alinifia mikononi. Nikasema nilichimba kaburi mwenyewe kando ya barabara, risasi zinapita, nikafunga msalaba wa fito, nikasali Baba Yetu. Wazee walitikisa vichwa wakasema huyu ndiye mtani. Wakanipa jogoo, haki ya mzikaji. Nikamla.

Baada ya hapo mambo yangu yalininyookea, wala sioni haya kusema. Nilianza na kabichi za mlimani, nikanunua Fuso moja, leo ninazo tatu. Nyumba yangu ya Mafiga, Morogoro mjini, ina geti na vigae, wapita njia wanageuza shingo. Nimeijenga bila kushikwa mkono na mtu. Lakini ndani ya nyumba hiyo nilikuwa peke yangu. Mke wangu alichoka kuishi na mtu asiyejibu, akaenda Kilosa kwa dada yake na watoto, akabaki huko. Sokoni mtani akinichokoza, mimi naondoka. Madereva wangu niliwapiga marufuku kutaniana garini, nao wakaniona tajiri mwenye majivuno. Kweli ninayo, ila hiyo haikuwa sababu. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, na miaka tisa sikupokea komunyo.

Zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali nyumbani kwangu ilipofika, majirani walikuja na mikeka. Somo la siku lilikuwa Petro kando ya moto, anamkana Bwana wake. Mama mmoja muuza mchicha alisema taratibu tu, "Petro angeweza kwenda kujidai kwamba alimtetea. Hakujidai. Alilia." Halafu mwenyekiti akaomba tumkumbuke marehemu Kasian, na ndugu yetu huyu aliyemzika kwa mikono yake. Wote wakaitikia. Mimi mdomo ulikataa kufunguka.

Nilimfuata paroko, padre mdogo kwangu kwa umri. Nikamweleza uongo wangu wote na ule utani wa mtaroni. Akauliza kama ndiyo yote. Nikasema lipo lililobaki, nalo ni la mama yake Kasian kulisikia kwanza.

"Basi panda mlima," akasema. "Ukishuka, utanikuta hapa."

Nilipanda kwa miguu, jembe begani, lile shati kwenye mfuko. Mwenye Fuso tatu. Wanawake wanaoshuka na matenga ya karoti walinipisha, wakadhani naenda msibani.

Nilimkuta mama anachambua maharage kwenye ungo. Nikasema shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia hakuna kaburi, hakuna msalaba. Nikamwambia nilivyomwacha nikidhani ni mchezo. Hakulia. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Mtani," akasema, "wewe ni dereva. Hukutazama kioo?"

Hilo ndilo nililokuwa nimelibeba.

"Nilitazama, mama."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Mkono wake ulikuwa unanyanyuka."

"Ukafanya nini?"

"Nikakanyaga mafuta."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikuondoka. Jua lilinipata pale, likanipita. Nilisali, na si kwa maneno ya kujipamba kama nilivyozoea. Nilisema tu, Bwana, mimi ni mwoga, ndivyo nilivyo, nichukue hivi hivi. Nililia uani kwa watu, mtu mzima, na kwa mara ya kwanza tangu Kongo nilihisi kuna aliyekaa nami.

Mlango ulifunguliwa. Mama alisimama kizingitini, macho mekundu.

"Umekuja na jembe," akasema. "Chimba."

Nilichimba siku mbili, na nakwambia kaburi lile lina kona ambazo fundi hawezi kuzipata. Katekista alisali. Tukaliweka shati, tukafukia. Kisha watu wakanitazama, maana mtani hajasema kitu, na mtani lazima aseme.

Nikainama. "Kasian," nikasema, "jembe limefika."

Hakuna aliyecheka. Utani ule tulikuwa tunaujua wawili tu.

Niliposhuka nilimkuta paroko palepale, nikaungama kwa maneno machache na machozi mengi. Jumapili ile nilipokea komunyo. Moyo ulitulia kama injini ya lori baada ya mlima mrefu. Naamini Mungu amenisamehe. Mama Kasian hajaniambia hivyo, nami sijamuuliza; nikipanda, ananipa kigoda, tunachambua maharage.

Kasian hakurudi, na kule mtaroni sijui ni nani aliyemfunika, au kama alifunikwa. Hilo sala haijalifuta, wala siombi lifutwe.

Bado naendesha mwenyewe mara moja moja. Nikisimama mlimani, mawe ya matairi natoa mimi. Napanda, nawasha, natazama kioo. Natazama tena. Ndipo naondoka.