Mji Ndani ya Leso

Kila asubuhi kabla sijatoka, mke wangu hunigonga mfuko wa shati kwa vidole viwili kuhakikisha leso imo. Haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya mwanga kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, na hospitali wametuambia kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo hugonga mfuko. Akiikuta leso husema, "Haya, nenda," nami huenda, ingawa siku hizi sina safari ya maana na miguu yangu imechoka kuliko mimi mwenyewe.

Leso zenyewe ni za zamani. Nazungumzia leso za mfukoni, za kufutia jasho na mafua. Alizishona kwa mkono tulipokuwa wachumba, pamba nyeupe tupu, pindo jembamba, na kwenye pembe moja ya kila leso akadarizi ua dogo kwa uzi wa buluu. Buluu sasa imefifia, na kitambaa kimefuliwa mpaka kimekuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Binti yetu, anayekaa mtaa wa Kanyenye hapa hapa Tabora, huniletea tishu za paketi na kunisihi nizipumzishe hizo leso. Nazipokea kwa adabu. Nilishawahi kuzitumia, na nilirudi nyumbani na vipande vyeupe vimeganda kwenye ndevu, nimepita mtaa mzima hivyo na hakuna aliyenistahi akaniambia. Leso haikufanyii mambo hayo.

Siku aliyonipa leso ya kwanza, shangazi yangu alikuwepo, akamkemea. Husemwa mchumba akikuzawadia leso, mtaachana. Mimi nilicheka. Mchumba wangu hakucheka. Aliichukua tena mkononi mwangu, akaikunja upya, akanirudishia na kusema, "Basi sikupi. Nakuazima. Jioni unirudishie." Na ndivyo tulivyoishi. Miaka yote niliyofanya kazi ya ukarani wa vifurushi stesheni, nikifika nyumbani kitu cha kwanza ni kumrudishia leso yake, na asubuhi ananiazima nyingine. Watoto wetu walikua wakidhani kila nyumba hufanya hivyo.

Macho yalipokwisha, kazi zilimtoka moja moja. Jikoni aliondolewa baada ya kuungua mkono, na binti yetu akawa anakuja kutupikia. Kutoka peke yake alikatazwa, na kushikwa mkono njiani hakutaka. Alisema hawezi kukokotwa mtaa wetu mzima wa Ng'ambo kama mkokoteni, mbele ya watu aliowauzia vitumbua maisha yake yote. Nilimbembeleza, nikagomba, nikanyamaza. Akawa mtu wa kukaa ukumbini akisikiliza redio na hatua za wapita njia. Kilichobaki mikononi mwake ni leso. Anazifua mwenyewe kwenye beseni dogo, na ole wake atakayemsaidia.

Jioni moja, kabla ya kuitia leso majini, aliipeleka puani. "Umepita kwa wauza dagaa," akasema.

Ni kweli nilikuwa nimepita. Mzigo wa Kigoma ulikuwa umeshuka na nilisimama pale kivulini nijifute shingo.

"Na mawese pia," akaongeza. "Yule mama anayeuza mawese, mwenye kicheko, bado yupo?"

Nikamwambia yupo, ila amekonda, na kicheko kimebaki kilekile. Akauliza habari za aliyekaa naye jirani. Akauliza kama lile bati la kibanda chao lililokuwa likining'inia limekwisha kupigwa misumari. Aliuliza mpaka adhana ya magharibi ikatukuta pale, leso bado kavu mkononi mwake, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu alipopofuka. Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nikirudi na mji mfukoni siku zote hizo bila kujua.

Tangu hapo nikajua kazi yangu. Nikawa naipeleka leso mjini kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni. Siku nyingine sokoni kwenye asali na nta. Siku nyingine kwenye maghala ya tumbaku, ambako husimami kitambo kabla nguo zote hazijanuka. Ijumaa ilirudi na udi wa msikitini. Msimu wa embe ulikuwa rahisi, mji wote unanuka embe, na yeye akawa ananilaumu kwamba nimefanya uvivu. Sikumtajia nilikopita. Alinusa, akataja, kisha mimi nikajazia: nani kafunga duka, nani kajenga, nani katutangulia. Mara nyingine alikosea, akasema tumbaku kumbe ni moshi wa jirani anayechoma majani, tukacheka. Kisha ndipo akafua.

Lakini nachoka. Naliandika hili kwa sababu nyumbani silisemi. Goti la kulia linauma nikishuka, la kushoto nikipanda, na jua la huku mwezi wa kumi halina huruma na mzee. Binti aliponiona nachechemea, alinitafutia bodaboda. Nikapanda, nikauzunguka mji wote mara moja, nikarudi nikijiona mjanja. Mke wangu alinusa leso akaiweka pembeni. "Petroli," akasema. "Huko hujafika popote." Watu wa Tabora tunasifiwa kwa miguu, mababu zetu walibeba pembe za ndovu na shaba kwenye njia ya misafara mpaka pwani na kurudi, na mimi mjukuu wao nashindwa kufika sokoni.

Kiangazi hiki nikawa naishia kwa muuza kahawa, pale pembe ya mtaa wetu, ambapo kuna benchi na kivuli. Sikupanga iwe hivyo. Ninatoka na nia ya kwenda mbali, nikifika kwenye benchi miguu inakaa yenyewe. Nakunywa kikombe kimoja na kashata, nasikiliza wenzangu wakibishana mpira, nageuka.

"Kahawa," akasema jioni ya kwanza. Jioni iliyofuata akasema tena, "Kahawa." Iliyofuata hakuitaja tena. Aliinusa leso, akaishikilia mapajani, akauliza, "Babu, tangu lini unaishia hapo pembeni?"

"Miguu, bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungebaki na nini?"

Aliitia leso majini, akaifikicha polepole, akaikamua, akaikunjua, akaitia tena. Nilimtazama na moyo wangu ulikuwa mzito. Goti nililizoea. Nililokuwa naliogopa ni siku nitakayoshindwa kabisa kutoka, nimrudishie leso safi kama alivyonipa, naye akae ukumbini mpaka mwisho bila kitu cha kuuliza. Nilitamani anifokee. Alianika leso kwenye kamba, akaingia ndani.

Asubuhi hakunigonga mfuko. Alitoka chumbani amevaa baibui, lile la kuendea harusini, na leso ameishika mkononi.

"Shika pembe hiyo," akasema, akanielekezea upande mmoja. "Mimi nashika hii. Mkono wangu hunishiki."

"Tunaenda wapi?"

"Kwenye dagaa. Ukichoka tutasimama. Mimi sina haraka, sijatoka siku nyingi."

Basi tukatoka hivyo, mimi mbele kidogo, yeye nyuma kidogo, leso imenyooka kati yetu. Nilikuwa na aibu, sitaficha. Nilidhani watu watacheka. Watu walisema shikamoo bibi, naye akasema marahaba, na wengine aliwatambua kwa sauti akawauliza hali za wazazi wao. Wazee wa benchi la kahawa walinyamaza tulipopita, jambo ambalo halijapata kutokea. Kila nilipolegea, leso ililegea, akajua, akasimama bila mimi kusema. Alikuwa akiinua uso na kuvuta pumzi, na nikaona kwamba kumbe nilikuwa nikimletea makombo tu.

Tulikuwa tumekaribia soko. Pale kuna mtaro uliozibwa kwa ubao, na nilipokanyaga ubao goti likaniacha. Sikuanguka, nilijishikilia kwenye nguzo ya kibanda, lakini leso ilivutika kwa nguvu na ikachanika. Haikutoa hata sauti ya maana, ilikuwa imeshachakaa mno. Nilipogeuka, alikuwa amesimama peke yake ng'ambo ya ubao, kipande mkononi, pikipiki zikimpita.

"Umeanguka?" akauliza.

"Sijaanguka. Leso imechanika."

Alikipapasa kipande chake pembeni kwa kidole gumba. "Ua halipo kwangu."

"Liko kwangu."

"Basi hicho kaa nacho," akasema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila ubaya wowote, kama unavyomwachia mtu sahani amalizie. "Si cha kushona tena hicho. Nimekupa."

Nikakitazama kile kipande. Nilikumbuka shangazi, na nilikumbuka jinsi nilivyocheka siku ile, nikiwa kijana mwenye magoti mazima. Sikuweza kucheka. Nilikuwa na hofu, hofu ya kweli, pale pale kati ya watu na mizigo yao, kwa ajili ya kitambaa kisichofaa hata kufutia meza.

"Hapana, bibi," nikamwambia. "Hiki umeniazima tu. Jioni nitakurudishia."

Kisha akaingiza kipande chake ndani ya baibui na kunyoosha mkono mbele yake. Nikavuka ubao, nikaushika, naye akaubana wangu. Tukaenda hadi kwenye dagaa, polepole, tukisimama kila penye kivuli.

Jioni nilimrudishia. Alikinusa, akakitia majini.